Msaidizi binafsi wa mkurugenzi: mwongozo kamili kwa anayeanza kazi hii Kampala

Nimekaa kwenye meza iliyo nje ya mlango wa mkurugenzi kwa miaka kumi na mmoja, yote hapa Kampala. Bosi wangu wa kwanza alikuwa mzee mwenye malori yanayopandisha mizigo kutoka Mombasa, mengine yakiendelea hadi Juba na Goma. Wa sasa ni mama anayeongoza kampuni yenye ofisi Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Kwa wote wawili, nusu ya simu zangu zimekuwa za Kiswahili.

Vijana wanaotoka vyuoni huniuliza kazi hii inafanywaje, na wengi hudhani ni kupokea simu na kupanga mafaili. Hayo yamo, lakini mara chache mtu hufukuzwa kwa sababu ya faili. Anafukuzwa kwa sababu ya ahadi iliyovunjika. Kila mstari kwenye kalenda ya bosi ni ahadi ambayo mtu anaingoja: mteja aliyepanda basi la usiku kutoka Arua, afisa wa benki aliyeacha kikao kingine, familia iliyofiwa inayotazama barabarani kuona kama gari la kampuni litatokea. Aliyeahidi ni bosi, ila wa kuitimiza au kuiangusha ahadi hiyo ni wewe.

Hatua ya kwanza: msome bosi kabla ya kumpangia

Siku ya kwanza omba nusu saa, mlango ukiwa umefungwa, uingie na daftari. Usimuulize anataka ufanye nini, maana atakujibu kwa jumla tu. Uliza mambo yenye jibu. Jambo la haraka nikupigie simu au nikuandikie? Ni nani huingia kwako bila miadi? (Mara nyingi ni mwenyekiti wa bodi, watoto wake, mama yake na daktari wake.) Ni nani hapaswi kuambiwa uko wapi? Naweza kutoa shilingi ngapi bila kukuuliza? Unakunywa dawa saa ngapi? Hili la mwisho wengi huona aibu kuliuliza, lakini bosi mwenye kisukari akipangiwa vikao mfululizo hadi saa tisa bila chakula, kosa ni lako.

Uliza pia kuhusu ibada. Bosi Mwislamu usimpangie kitu Ijumaa kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane na nusu mchana. Msabato hana kazi tangu jua linapotua Ijumaa hadi linapotua Jumamosi, na wageni wa Jumamosi asubuhi waambiwe mapema, kwa heshima, bila kuomba radhi kana kwamba ni tatizo.

Kisha, kabla wiki haijaisha, wajue watu watano: dereva, mlinzi wa geti, dada wa mapokezi, anayeleta chai, na mhasibu. Watangulie kwa salamu. "Gyebale ko, ssebo" ya asubuhi kwa mlinzi ndiyo itakayomfanya akupigie simu mgeni mgumu akiwa bado getini, ukapata dakika tatu za kujiandaa. Dereva hasa mheshimu. Wengi wao wana umri wa baba zetu, na wanajua ratiba halisi ya bosi kuliko kalenda yako inavyojua.

Hatua ya pili: kalenda

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na saa. Sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili, Luganda nayo inahesabu vivyo hivyo, lakini kalenda ya kompyuta inahesabu kwa Kiingereza. Mwaka wangu wa pili kazini Mzee alikuwa na safari ya Entebbe iliyoandikwa 2:00 kwenye kalenda, yaani kuondoka saa nane mchana. Nilimtumia dereva ujumbe: "Haji, Mzee anaondoka saa 2." Haji alikuja saa mbili kamili asubuhi, gari limeoshwa. Akangoja chini ya mwembe hadi saa nne, hakumwona mtu, akajua safari imevunjika, akapeleka gari gereji kubadilisha oili. Saa nane kasoro robo Mzee alishuka ngazi akiwa na mkoba mkononi, uwanja mtupu. Nilipompigia Haji alinijibu kwa upole kabisa: "Dada, si uliniambia saa mbili? Nilikungoja." Hakuwa na kosa hata moja. Tangu siku hiyo sijaandika saa bila kuiandika mara mbili: "saa nane mchana (14:00)". Fanya hivyo kwa kila mtu, hata kwa mwenyekiti wa bodi.

Kisha kuna saa za nchi nyingine. Nairobi, Dar es Salaam na Addis Ababa ziko sawa nasi. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Juba nayo iko nyuma kwa saa moja tangu Februari 2021, na bado nakutana na watu wanaodhani iko sawa nasi. Kinshasa iko nyuma kwa saa mbili, ingawa ni nchi moja na Goma. London iko nyuma kwa saa tatu wakati wao wa baridi na mbili wakati wao wa kiangazi, kwa hiyo mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba hakiki upya kila kikao cha kila wiki ulichonacho nao.

Baada ya saa, barabara. Usipange vikao kwa kutazama umbali kwenye ramani. Kutoka Nakasero hadi Bugolobi ni karibu, lakini saa kumi na moja jioni Jinja Road inaweza kukula saa nzima. Mimi hupanga kwa pande: kama bosi ana kikao Kololo asubuhi, vikao vyote vya nje vya siku hiyo navivuta upande huo huo, na wa upande wa Ntinda nawapa siku nyingine. Mvua ikinyesha asubuhi, piga simu mara moja kwa mwenyeji wa kikao cha kwanza. Usingoje bosi akwame Clock Tower ndipo uanze kutafuta namba.

Weka sikukuu zote kwenye kalenda mwezi Januari, na uzipe uzito wake. Tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, njia ya Namugongo hujaa mahujaji waliotembea kwa miguu kutoka mbali, wengine wakiwa wamevuka mipaka, na msongamano wa Kireka na Bweyogerere huanza siku kadhaa kabla. Juni ndiyo mwezi wa kusomwa bajeti ya serikali, na mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30, kwa hiyo maafisa wa wizara hawapatikani kirahisi. Anayetaka saini ya wizarani aianze Mei.

Acha nafasi. Kati ya kikao na kikao weka dakika 20 zisizo na jina, na kila siku weka saa moja iliyoandikwa "kazi ya mezani" ambayo huigawi kwa mtu. Bosi atakuambia haihitaji. Iweke tu, baada ya wiki mbili ataanza kuilinda yeye mwenyewe.

La mwisho kuhusu kalenda: kila siku saa tisa alasiri, thibitisha miadi yote ya kesho. Simu fupi au ujumbe mfupi, mmoja mmoja. Hii inachukua dakika 30 na ndiyo tabia iliyoniokoa kuliko nyingine yoyote.

Hatua ya tatu: mlango na simu

Watu watakuja bila miadi, na wengi watasema "tunajuana na Mzee tangu zamani". Wengine wanasema kweli. Usimwonyeshe mtu yeyote dharau, kwa sababu mzee mwenye koti lililochakaa anaweza kuwa ndiye aliyemlipia bosi ada ya shule. Mkalishe, mpe maji, muulize jina kamili na anakotoka, kisha ingia ndani na karatasi ndogo. Bosi aandike "ndiyo", "saa kumi" au "hapana". Usimpigie simu bosi mbele ya mgeni, maana mgeni atasikia sauti inavyobadilika.

Jibu la hapana lina namna yake. Kwetu mtu haambiwi "hapana" mkavu, lakini pia usimpe matumaini ya uongo, maana ukisema "rudi wiki ijayo" atarudi, amekopa nauli. Mimi husema hivi: "Mzee wangu, wiki hii hatakuwa na nafasi, na sitaki upoteze nauli. Niambie shida yenyewe niiandike, na Ijumaa mimi mwenyewe nitakupigia." Halafu Ijumaa unapiga. Hata kama jibu ni baya, unapiga.

Usidanganye. Bosi akiwa ndani na hataki kuonana na mtu, usiseme yuko nje ya nchi. Sema "hapatikani kwa sasa", na ni kweli. Kampala ni mji mdogo. Mgeni atamkuta kwenye lifti, na siku hiyo neno lako litakuwa limekwisha.

Jifunze vyeo na uvitamke sawasawa. Mbunge na waziri ni Mheshimiwa. Askari na polisi ni Afande. Aliyehiji ni Haji au Hajati, na asipoitwa hivyo husikia. Viongozi wa ufalme wa Buganda ni Owekitiibwa, na barua kwa ofisi ya Katikkiro, waziri mkuu wa ufalme huo, huko Mengo haiandikwi kwa mtindo wa barua ya kuomba bei. Ukiwa na shaka, piga simu kwa msaidizi mwenzako wa ofisi ile umuulize. Atakueleza kwa furaha, na umempata rafiki.

Hatua ya nne: misiba, kwanjula na michango

Wasaidizi wageni kutoka nje hushangaa sehemu hii inavyokuwa kubwa. Mkurugenzi Uganda ni mtu wa jamii kwanza. Mfanyakazi akifiwa na mzazi, bosi anatazamiwa kufika, au kutuma mtu mwenye uzito pamoja na rambirambi. Buganda rambirambi hizo huitwa mabugo.

Habari ya msiba ikifika, uliza mambo manne hapo hapo: aliyefariki alikuwa nani kwa mfanyakazi wetu, maziko ni wapi hadi kijiji, ni siku gani, na namba ya simu ya mtu aliyeko pale. Maziko mengi ya Buganda huwa saa kumi alasiri, lakini Waislamu huzika upesi, mara nyingi siku ile ile, kwa hiyo kwa Mwislamu usingoje kikao cha wakuu wa idara kiamue. Pata kibali cha bosi kwa simu, gari litoke. Kijiji kikiwa mbali, tuma dereva anayeijua njia, na uulize hali ya barabara kama kuna mvua. Bosi asipoweza kwenda, anayemwakilisha apewe maneno mawili matatu ya kusema kwa niaba yake, yaliyoandikwa, yenye jina sahihi la marehemu. Nimewahi kusimama msibani mjumbe akitaja jina la ndugu aliye hai. Sitaki ulione jambo hilo.

Pesa ya rambirambi ikitumwa kwa simu, ongeza ya kutolea. Kuna ada ya mtandao, na juu yake kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa. Mfiwa akipokea laki tano akatoa pungufu, zawadi imekatika mkono.

Kwanjula, yaani sherehe ya bwana kutambulishwa kwa familia ya bibi, na harusi zina utaratibu mwingine. Kadi zitakuja nyingi, pamoja na vikao vya michango. Kaa na bosi mara moja kwa mwezi na kadi zote mezani, agawe: anakwenda, anatuma mchango, anatuma salamu. Alichoahidi kukitoa kiandike na tarehe, maana ahadi ya mchango iliyosahaulika inaumiza kuliko kutokuahidi. Kama anakwenda kwanjula ya Kiganda, kanzu na koti viwe vimepigwa pasi na kuning'inizwa ofisini. Kwa mama, gomesi. Na jua bosi anakwenda upande upi, wa bwana au wa bibi, kwa sababu wa upande wa bwana huongozana na kundi lao na hawezi kuchelewa nusu saa akaingia peke yake.

Hatua ya tano: safari

Kutoka Kampala hadi uwanja wa Entebbe ni kilomita 40 hivi. Barabara ya kasi iliyofunguliwa 2018 inasaidia sana, na gari dogo hulipa shilingi 5,000, kwa hiyo dereva awe na pesa mkononi. Hata hivyo kufika kwenye barabara hiyo ndiko kwenye kazi. Kwa ndege ya jioni bosi aondoke mjini ikiwa imebaki muda wa saa tano kabla ya ndege kuruka, na asikubali "kikao kidogo" cha mwisho.

Weka nakala ya ukurasa wa kwanza wa pasipoti yake na tarehe ya mwisho wake. Nchi nyingi hudai pasipoti iwe na angalau miezi sita iliyobaki. Mganda anaingia Kenya na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza 2014, lakini mimi humpa bosi pasipoti hata akienda Nairobi, kwa sababu safari ya Nairobi hugeuka kuwa ya Dar es Salaam akiwa njiani. Cheti cha homa ya manjano kikae ndani ya pasipoti yenyewe. Kwa mfanyakazi anayesafiri mara ya kwanza, kumbuka cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo. Akichanjwa Jumatatu asafiri Jumatano, atakwama. Kikishaanza, sasa hudumu maisha.

Mpe bosi karatasi moja ya safari: namba ya ndege, hoteli, jina na simu ya dereva atakayempokea, vikao kwa saa za huko na za hapa, na namba ya mtu mmoja wa dharura. Karatasi halisi, mfukoni. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Waliokuwa na namba zote ndani ya WhatsApp na barua pepe walikaa wakitazamana. Mimi nilikuwa na orodha iliyochapishwa ya namba 60 droo ya kushoto, na simu za kawaida ziliendelea kupita. Orodha hiyo naichapisha upya kila robo mwaka.

Neno moja dogo ukiandikiana na Dar es Salaam: posho kwao ni pesa ya safari, kwetu hapa ni ugali. Kwa timu ya Kampala mimi huandika "pesa ya safari".

Hatua ya sita: vikao na kumbukumbu zake

Ajenda na makabrasha ya bodi yatoke siku saba kabla. Kumbukumbu ziwe fupi: kilichoamuliwa, nani atafanya, lini. Zitume ndani ya saa 24, watu wakiwa bado wanakumbuka.

Kwetu shida huja pale kikao kinapoendeshwa kwa Kiswahili na kumbukumbu zinaandikwa kwa Kiingereza. Mtu anasema "tutaliangalia". Je, amekubali, amekataa, au ameahirisha? Wa Nairobi atasikia moja, wa Dar es Salaam jingine. Kabla mwenyekiti hajaenda kwenye ajenda inayofuata, inua mkono: "Mwenyekiti, hili niliandike limekubaliwa au limeahirishwa?" Mara ya kwanza moyo utakudunda. Baada ya vikao vitatu watakuwa wakikutazama wao kabla ya kuendelea.

Hatua ya saba: pesa, saini na siri

Masurufu ya ofisi yakae kwenye kisanduku chako tu, na kila shilingi iwe na karatasi. Wafanyabiashara waliosajiliwa VAT wanatakiwa kutoa risiti za EFRIS, yaani za kielektroniki za mamlaka ya mapato, tangu 2021, kwa hiyo mwombe muuzaji risiti hiyo ukiwa bado dukani. Rejesha masurufu kila Ijumaa, usiyaache hadi mwisho wa mwezi. Usimkopeshe bosi pesa yako "tutahesabiana baadaye", wala usichukue ya ofisi hata kwa saa moja.

Saini ya bosi usiiweke wewe, hata akikuambia kwa simu uiweke. Mwombe atume ujumbe wa kuidhinisha, na hati ingoje.

Siri zinatoka kwa njia ndogo: skrini iliyoachwa wazi, karatasi kwenye mashine ya kopi, maongezi ndani ya teksi. Daftari la wageni nalo limebeba majina na namba za watu, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Usiliache wazi mapokezi kila mgeni akasoma nani alikuja kabla yake.

Hatua ya nane: jilinde wewe

Nawasemea hasa mabinti wanaoanza. Mkataba uandikwe. Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka saa 48 kwa wiki, na likizo ya siku saba kwa kila miezi minne ya kazi. Mkubaliane mapema ni saa ngapi usiku simu inakoma isipokuwa dharura, na dharura ni nini.

Sheria hiyo hiyo inakataza unyanyasaji wa kingono kazini, na mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 anatakiwa awe na hatua za kuuzuia. Mkisafiri na bosi, weka vyumba ghorofa tofauti. Kazi ifanyike ukumbini au sebuleni mwa hoteli, kamwe si chumbani. Likitokea jambo, andika tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, siku ile ile, ujitumie kwenye barua pepe yako binafsi, kisha mwambie mtu mmoja unayemwamini. Sema mapema. Hakuna kazi ya kuhifadhi kwa gharama hiyo, na aliye na ujuzi wa kazi hii hutafutwa na ofisi nyingi.

Siku ya kazi inavyofungwa

Saa kumi na nusu jioni safisha meza ya bosi: zilizosainiwa zitoke, zisizosainiwa ziwekwe juu kwa mpangilio wa uharaka. Chapisha kalenda ya kesho, ukurasa mmoja, na chini yake majina ya wageni wote na sentensi moja kuhusu kila mmoja: alikuja lini mara ya mwisho, anataka nini, mtoto wake aliyekuwa mgonjwa amepona au bado.

Fungua daftari la makabidhiano uongeze ulichojifunza leo, hata kama ni namba ya fundi wa jenereta. Siku ukiugua, mwenzako atalifungua na kazi itakwenda.

Kisha, kabla hujachukua mkoba wako, mwandikie dereva: "Haji, shikamoo. Kesho Mama anatoka nyumbani saa moja na robo asubuhi (07:15), anakwenda Munyonyo. Nijibu ukiipata." Ngoja ajibu.